Maswali ya Wasomaji: Jeni Zile Zile, Seli za Kinga Tofauti

Barua nyingi zilizotufikia hapa Nairobi mwezi huu zilihusu damu na kinga ya mwili. Tumechagua nne. Waandishi wake hawafahamiani, lakini wote wanagusa jambo moja: namna seli ya kinga inavyokua kwa kusoma baadhi ya jeni zake, yaani kuzitumia kutengeneza protini, na kuziacha nyingine, na namna vipokezi, yaani protini za kupokea ishara, vinavyoota juu ya utando wake vinavyobadilika kadiri inavyokua. Baadhi ya majibu ni marefu kwa sababu mambo yenyewe ni mazito.

SWALI: Mpendwa Daktari, binti yangu wa miaka tisa alipimwa hemogramu (kipimo cha kuhesabu seli za damu) katika kliniki moja ya hapa mtaani kwa sababu ya mafua yaliyochelewa kupona. Neutrofili zake zilikuwa 1.2 (bilioni kwa lita ya damu), na karatasi ya majibu ikawekwa alama kwamba ziko chini. Tukaambiwa kwamba huenda ni saratani ya damu. Amepimwa tena na tena na namba ni karibu ile ile, ingawa sehemu nyingine zote za damu ni nzuri, naye anacheza, anakula vizuri na hajawahi kulazwa hospitalini. Je, mwanangu ana kinga dhaifu? Mama wa Umoja.

JIBU: Mama, pole sana kwa wasiwasi huo. Siwezi kutoa uamuzi wa kitabibu kupitia ukurasa wa jarida, na hapo chini nitataja dalili ambazo zikionekana hampaswi kungoja hata siku moja. Hata hivyo, hali unayoieleza, ya neutrofili zilizo chini kidogo na zisizobadilika kila zinapopimwa, huku himoglobini na chembe za kugandisha damu zikiwa sawa na mtoto mwenyewe akiwa mzima, huonekana kwa Waafrika wengi sana, na mara nyingi chanzo chake si ugonjwa wowote. Chanzo ni jeni moja isiyosomwa katika aina moja ya seli.

Neutrofili ni seli nyeupe za damu zinazowahi kufika mahali ambapo bakteria wameingia. Uboho wa mifupa ya mtu mzima hutengeneza takriban bilioni 100 kila siku, na maisha yake ni mafupi. Maabara huhesabu zile tu zinazozunguka katika damu wakati sindano inapochomwa. Zile zilizomo ndani ya uboho, katika bandama na katika viungo vingine hazionekani katika hesabu hiyo. Kwa hiyo namba ya chini katika damu haimaanishi lazima kwamba askari ni wachache mwilini.

Sasa tuje kwenye jeni yenyewe. Mwaka 1950 wataalamu wa damu nchini Uingereza walieleza kundi jipya la damu, wakaliita Duffy kwa jina la mgonjwa ambaye kingamwili yake, yaani protini ya kinga inayonasa kitu kigeni, ililifichua. Baadaye ilijulikana kwamba kitu hicho kilicho juu ya seli nyekundu ni kipokezi kinachonasa kemokini, yaani protini ndogo ndogo ambazo seli hutumia kuitana. Mwaka 1976 Louis Miller na wenzake walionyesha kwamba vimelea vya malaria aina ya vivax hukitumia kipokezi hicho kama mlango wa kuingilia katika seli nyekundu, na kwamba watu wasiokuwa nacho hukingwa dhidi ya vimelea hivyo. Watu wengi wa Afrika Magharibi, ya Kati na ya Mashariki hawana kipokezi cha Duffy juu ya seli zao nyekundu, na hiyo ni sababu kubwa inayoifanya vivax kuwa nadra kwetu ikilinganishwa na falsiparamu, ambayo haihitaji mlango huo na ndiyo inayowasumbua watu wa Kisumu na Kilifi. Ulinzi wenyewe si kamili, kwa maana watafiti wamewakuta watu wasio na Duffy walioambukizwa vivax, lakini ni mkubwa.

Jambo la ajabu ni kwamba jeni ya Duffy ya watu hawa haijaharibika. Mwaka 1995 watafiti wa Paris waligundua kwamba tofauti iko katika herufi moja tu ya DNA, nayo haimo ndani ya maelezo ya protini bali iko kabla yake, katika sehemu ambapo protini iitwayo GATA-1 hukaa ili jeni isomwe katika seli zinazokua kuwa nyekundu. Herufi hiyo ikibadilika, GATA-1 haipati pa kukaa, na jeni haisomwi katika seli hizo. Katika kuta za mishipa ya damu, ambako protini nyingine huongoza usomwaji, jeni ile ile husomwa na kipokezi kinatokea kama kawaida. Ni kama taa yenye swichi mbili ambayo waya wa swichi moja umekatika: taa ni nzima, na mtu aliyesimama upande wa pili huiwasha bila shida yoyote.

Je, seli nyekundu zinahusiana vipi na neutrofili? Jibu lilianza kueleweka vizuri mwaka 2017, pale utafiti ulipoonyesha kwamba seli nyekundu changa, zile ambazo bado zina kiini na zinaishi ndani ya uboho, huwa karibu sana na seli shina zinazozaa seli zote za damu. Kipokezi cha Duffy kinapokosekana juu ya seli hizo changa, uzalishaji wa seli nyeupe hubadilika. Neutrofili zinazotoka huwa na mpangilio tofauti wa jeni zinazosomwa na wa vipokezi juu ya utando, na hutoka upesi ndani ya damu kuelekea katika viungo. Kwa hiyo zinaonekana chache kwenye karatasi ya majibu. Mtu mwenye hali hii haugui maambukizi zaidi kuliko wengine.

Hapa nasema wazi kinachonikera. Viwango vya kawaida vinavyotumika katika maabara nyingi vilitokana na damu ya watu wa Ulaya na Marekani, na ndiyo maana kiwango cha chini cha neutrofili huwekwa 1.5, ilhali maelfu ya Wakenya wenye afya njema huishi maisha yao yote wakiwa chini ya hapo. Utafiti uliofanywa Kericho na kuchapishwa mwaka 2008 ulipima damu ya watu wa eneo hilo wenye afya njema ili kupata viwango vya hapa nyumbani, na ulionyesha kwamba vya kwetu vinatofautiana na vile vya Marekani, vya neutrofili vikiwamo. Madhara ya kutumia viwango visivyotuhusu si wasiwasi wa wazazi pekee. Mgonjwa wa saratani anaweza kuahirishiwa dawa anazozihitaji kwa sababu tu neutrofili zake, ambazo kwake ni za kawaida, zinahesabiwa kuwa chache mno.

Nakushauri hivi, mama. Tunza karatasi zote za majibu na uzipeleke kwa daktari wa watoto, na ikiwezekana kwa daktari wa damu, umwulize moja kwa moja kuhusu Duffy. Maabara kubwa zinazohusika na uongezaji damu zinaweza kukipima kipokezi hicho. Mwambie kama wewe au baba wa mtoto mmewahi kupata majibu kama hayo, kwa sababu hali hii hurithiwa. Lakini neutrofili zikishuka chini ya 0.5, au mtoto akipata homa kali, vidonda vya mdomoni vinavyorudi rudi, majipu, kupungua uzito, michubuko isiyo na sababu, au himoglobini na chembe za kugandisha damu nazo zikianza kushuka, hilo ni jambo jingine kabisa na linahitaji hospitali mara moja.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa biolojia katika kampasi ya Chiromo. Tumefundishwa kwamba kila seli ya mwili ina DNA ile ile, na kwamba seli changa huwa seli T au seli B kutokana na vipokezi vilivyo juu yake. Lakini vipokezi ni protini, na protini hutokana na jeni. Basi kipi hutangulia, jeni kusomwa au kipokezi kutokea? Na je, ni kweli kabisa kwamba DNA ni ile ile? Mwanafunzi, Chiromo.

JIBU: Mwanafunzi wetu, umeuliza maswali mawili na yote ni ya maana. Kwa wasomaji wengine: seli B ndizo zinazotengeneza kingamwili, na seli T huongoza kinga au huua seli zilizoambukizwa. Nianze na la kutangulia.

Ukifuatilia seli changa kuanzia kwenye uboho, utaona kwamba hakuna wakati ambapo haisomi jeni yoyote. Seli shina tayari inasoma jeni kadhaa, baadhi kwa kiwango kidogo mno, na kwa hiyo tayari ina vipokezi vichache vya aina mbalimbali. Kinachoamua ni kipi kati ya vipokezi hivyo kitakachoguswa, na hilo hutegemea mahali seli ilipo. Baadhi ya wazao wa seli shina husafiri kwa damu hadi kwenye tezi ya thaimasi iliyo kifuani, nyuma ya mfupa wa kidari. Huko seli za tezi zina protini iitwayo DLL4 juu ya utando wao, nayo hukamatana na kipokezi cha Notch1 kilicho juu ya seli changa. Hapo hutokea jambo ambalo kwangu mimi ni kati ya mambo mazuri zaidi katika biolojia yote: kipokezi hukatwa, kipande chake cha ndani huachana na utando, huingia katika kiini cha seli na kushika DNA pamoja na protini nyingine, na jeni ambazo hazikuwa zikisomwa huanza kusomwa. Kipokezi chenyewe kinageuka kuwa kiongozi wa usomwaji. Jeni ya TCF1 husomwa, GATA3 huongezeka, kisha BCL11B huja kufunga njia ya kurudi nyuma. Protini hizo ongozi nazo husababisha vipokezi vipya vitokee, na vipokezi vipya huipa seli uwezo wa kupokea ishara ambazo jana isingezisikia. Kwa hiyo mzunguko unakwenda hatua kwa hatua, kipokezi kikifungua jeni na jeni ikitoa kipokezi kingine.

Ushahidi wake ni wa kuaminika. Mwaka 1999 watafiti waliondoa Notch1 katika seli za damu za panya, na ndani ya thaimasi zikakua seli B badala ya seli T. Wengine, mwaka huo huo, waliilazimisha ishara ya Notch ifanye kazi ndani ya uboho, na seli T zikaanza kukua mahali zisipostahili kukua. Upande wa seli B, kiongozi mkuu ni protini ya PAX5, ambayo huamrisha kipokezi cha CD19 kitokee na wakati huo huo huzuia jeni za njia nyingine zisisomwe. Maabara ya Vienna ilionyesha, tena mwaka 1999, kwamba seli changa za B zilizonyimwa PAX5 zinaweza kugeuka kuwa aina nyingine za seli za damu, zikiwamo seli T. Nakusihi uzingatie jambo hilo la kuzuia. Wanafunzi wengi hufikiri kwamba kukua kwa seli ni kuongeza tu jeni zinazosomwa, kumbe nusu ya kazi ni kunyamazisha.

Kipokezi kimoja kikikosekana, madhara yake huonekana kwa mtoto mzima. Kipokezi cha interlukini-7, ambacho seli changa za T hukitegemea ili ziishi, hutumia kipande kinachotokana na jeni ya IL2RG iliyo katika kromosomu ya X. Wavulana wanaozaliwa na hitilafu katika jeni hiyo hawana seli T, na seli B walizo nazo hazifanyi kazi inavyostahili. David Vetter wa Houston, aliyezaliwa mwaka 1971, aliishi ndani ya chumba cha plastiki kisichopitisha vijidudu kwa sababu ya ugonjwa huo, akafariki mwaka 1984. Jeni yenyewe ilitambuliwa mwaka 1993. Leo watoto wenye hali hiyo hutibiwa kwa kupandikizwa uboho, na katika nchi chache kwa kuingiziwa jeni nzima katika seli shina zao.

Sasa swali lako la pili. Kwa seli nyingi za mwili, ulivyofundishwa ni sahihi. Seli T na seli B ni tofauti. Mwaka 1976, akiwa Basel nchini Uswisi, Susumu Tonegawa pamoja na Nobumichi Hozumi walilinganisha DNA ya kiinitete cha panya na DNA ya seli zinazotengeneza kingamwili, wakakuta kwamba vipande vya jeni vilivyokuwa mbali mbali katika kiinitete vimeunganishwa katika seli za kingamwili. Seli hizo zilikuwa zimekata na kuunga upya DNA yao. Tonegawa alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1987. Vimeng'enya vinavyokata hutokana na jeni mbili, RAG1 na RAG2, zilizopatikana katika maabara ya David Baltimore mwaka 1989 na 1990. Kila seli huunga vipande vyake kwa bahati, na herufi nyingine huongezwa kwenye viungo, ndiyo maana watu wawili, hata mapacha wa yai moja, hawana mkusanyiko sawa wa vipokezi.

Tazama jinsi usomwaji wa RAG unavyodhibitiwa, kwa kuwa hapo ndipo jeni na kipokezi vinapokutana waziwazi. Seli changa iliyoingia katika thaimasi haina CD4 wala CD8, vipokezi viwili vinavyotofautisha aina kuu za seli T. Inasoma RAG na kuunga mnyororo wa kwanza wa kipokezi chake, uitwao beta. Mnyororo ukifaulu, hukaa kwenye utando pamoja na mshirika wa muda na kutuma ishara kwamba kazi imekamilika. RAG huacha kusomwa, na seli hugawanyika mara nyingi. Kuacha huko ni kwa lazima, maana kukata DNA wakati seli inagawanyika ni hatari, na baadhi ya lukemia za watoto zimeonyesha alama za mikato iliyofanyika mahali pasipofaa. Baada ya kugawanyika, seli huonyesha CD4 na CD8 kwa pamoja, RAG husomwa kwa mara ya pili, na mnyororo wa alfa huungwa.

Kufikia hapo seli ina kipokezi kamili ambacho hakuna aliyepanga kitashika nini. Hujaribiwa dhidi ya molekuli za HLA, zinazoonyesha vipande vya protini juu ya seli za thaimasi. Kisichoshika kabisa hakipati ishara ya kuishi, na seli yake hufa baada ya siku chache. Kinachoshika kwa kiasi huokoa seli yake; kikishika HLA ya daraja la pili, protini ya ThPOK huongoza seli ibaki na CD4, na kikishika ya daraja la kwanza, RUNX3 huiongoza ibaki na CD8. Kinachoshika kwa nguvu kupita kiasi protini za mwili wenyewe ni cha hatari, na seli nyingi za namna hiyo huuawa. Ni asilimia chache tu ya seli zinazotoka salama.

Unaweza kuuliza, thaimasi hupata wapi insulini ya kuzijaribia seli hizo, ilhali insulini hutengenezwa katika kongosho? Seli fulani za thaimasi zina protini iitwayo AIRE, ambayo huzifanya zisome maelfu ya jeni za viungo vingine, ile ya insulini ikiwa mojawapo, ili seli changa zikutane na mwili mzima kabla hazijatoka. Watu waliorithi hitilafu katika jeni ya AIRE, iliyotambuliwa mwaka 1997, hupata ugonjwa ambapo kinga hushambulia tezi zao wenyewe. Baadhi ya seli zinazoshika kwa nguvu haziuawi bali husoma jeni ya FOXP3 na kuwa walinzi wanaotuliza kinga. Kazi hiyo iliwapa Mary Brunkow, Fred Ramsdell na Shimon Sakaguchi Tuzo ya Nobel ya mwaka 2025. Na haya yote yalijulikana kwa kuchelewa mno. Hadi Jacques Miller alipoitoa thaimasi katika panya wachanga na kuchapisha matokeo yake mwaka 1961, wanasayansi wengi waliiona kuwa kiungo kisicho na kazi.

SWALI: Ninaishi na virusi vya UKIMWI na nimekuwa nikitumia ARV bila kukosa. CD4 zangu zilianza zikiwa 180, zikapanda haraka miezi ya mwanzo hadi 310, na sasa zinapanda polepole tu. Mtoto wa dada yangu, mwenye miaka miwili, aliambiwa kwamba CD4 zake ziko chini, ilhali ana 1,000, yaani asilimia 19. Imekuwaje kwake 1,000 ni chache na kwangu 310 ni maendeleo? Na kwa nini virusi vikachagua seli hizi? Msomaji wa Kayole.

JIBU: Ndugu yetu, hongera kwa uthabiti wako katika dawa. CD4 ni kile kile kipokezi nilichomweleza mwanafunzi wa Chiromo, kinachobaki juu ya seli T zilizoshika HLA ya daraja la pili. Maabara huzitambua seli hizo kwa kutumia kingamwili zenye rangi zinazogandama kwenye CD4, kisha mashine huzipitisha moja moja mbele ya mwanga na kuzihesabu. Mashine nyingi hutafuta pia CD3, alama iliyo juu ya seli T zote, kwa sababu seli nyeupe za aina nyingine, monosaiti, nazo zina CD4 kidogo.

Virusi havikuchagua kwa akili. Protini iliyo juu ya kirusi inakaa barabara kwenye CD4, jambo lililojulikana mwaka 1984, lakini kushika CD4 peke yake hakutoshi. Mwaka 1996 iligunduliwa kwamba kirusi huhitaji pia kipokezi cha pili, mara nyingi CCR5, ambacho ni kipokezi cha kemokini. Seli T ambazo hazijawahi kukutana na adui husoma jeni ya CCR5 kwa kiasi kidogo, na zile zilizokwisha kupigana huisoma zaidi, kwa hiyo virusi hupendelea seli zenye uzoefu. Watu wachache, wengi wao wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, wamerithi jeni ya CCR5 iliyopungukiwa herufi 32, na wakiirithi kwa wazazi wote wawili hawapati kwa urahisi virusi vinavyotumia mlango huo. Timothy Ray Brown alipandikizwa uboho wa mtu wa namna hiyo mjini Berlin mwaka 2007 kwa sababu ya saratani ya damu, na virusi havikuonekana tena mwilini mwake hadi alipofariki mwaka 2020 kwa saratani hiyo. Upandikizaji ni hatari na hauwezi kuwa tiba ya watu wengi, lakini ulithibitisha umuhimu wa kipokezi hicho.

Kasi ya mwanzo uliyoiona ilitokana kwa kiasi kikubwa na seli zilizokuwa zimekwama katika tezi za limfu kurudi katika damu, virusi vilipodhibitiwa. Seli mpya kabisa hutoka katika thaimasi, na thaimasi ya mtu mzima imekwisha kusinyaa, sehemu yake kubwa ikiwa mafuta. Inaendelea kufanya kazi, polepole, na ndiyo kasi unayoiona sasa. Thaimasi ya mtoto wa miaka miwili iko katika nguvu zake zote, na damu ya watoto wadogo huwa na limfosaiti (kundi la seli nyeupe lenye seli T na seli B) nyingi kuliko ya watu wazima, idadi ambayo hushuka taratibu hadi karibu na miaka mitano au sita. Kwa hiyo kwa walio chini ya miaka mitano madaktari huangalia asilimia, ambayo haiyumbi sana. Kwa mtoto wa umri wa mpwa wako, Shirika la Afya Duniani huhesabu chini ya asilimia 20 kuwa upungufu mkubwa wa kinga. Kwa mtoto chini ya mwaka mmoja mpaka huo ni asilimia 25. Asicheleweshwe kliniki.

Jambo moja usiache kulikumbuka, hata CD4 zikifika 700. Kirusi huunganisha jeni zake na DNA ya seli, na baadhi ya seli hizo hulala kwa miaka mingi bila kusoma jeni za kirusi. Hazitoi protini yoyote ya kirusi ambayo kinga ingeiona, na ARV haziwezi kuzigusa. Mtu akiacha dawa, seli chache zikiamka na kuanza kusoma, virusi hurudi ndani ya wiki chache. Ndiyo maana kipimo cha wingi wa virusi katika damu hutiliwa mkazo zaidi siku hizi kuliko CD4, ingawa CD4 zilizo chini ya 200 bado humfanya daktari atafute kifua kikuu na homa ya uti wa mgongo inayoletwa na kuvu.

SWALI: Hapa Lang'ata na hata katikati ya jiji zinauzwa chupa za dawa zinazosemwa kuongeza kinga. Je, kuna chakula au dawa inayoweza kweli kuzibadilisha seli hizi mnazozieleza? Mwalimu mstaafu.

JIBU: Mwalimu, sijui kilichomo ndani ya chupa hizo, na wauzaji wengi hawakiandiki, hiyo ikiwa sababu tosha ya kutozinunua. Lakini chakula kinaweza kubadilisha jeni zinazosomwa katika seli ya kinga, na mfano ulio wazi kabisa ni vitamini A.

Seli fulani za utumbo huigeuza vitamini A kuwa asidi ya retinoiki. Asidi hiyo huingia ndani ya seli T changa ambayo ndiyo kwanza inaanza kupigana, hushikana na kipokezi kilicho ndani ya kiini, na kuifanya seli itoe juu ya utando wake vipokezi vya CCR9 na alfa-4-beta-7, ambavyo huiongoza irudi kulinda kuta za utumbo. Jambo hilo lilionyeshwa na watafiti wa Japani mwaka 2004. Mtoto aliyepungukiwa vitamini A hukosa sehemu ya ulinzi huo, na kuhara humletea hatari kubwa zaidi. Hii ni sababu mojawapo ya watoto wa Kenya wa kuanzia miezi 6 hadi miezi 59 kupewa matone ya vitamini A kila baada ya miezi sita, bila malipo, katika vituo vya afya vya umma.

Kwa mtu mzima anayekula sukuma wiki, karoti, maini mara moja moja au viazi vitamu vya rangi ya machungwa, kuongeza vidonge hakumpi kipokezi hata kimoja cha ziada, kwa sababu seli hutumia kiasi inachohitaji na ini huweka akiba ya kinachobaki. Akiba ikizidi mno, ini lenyewe huumia, na kwa mwanamke mjamzito vidonge vyenye vitamini A nyingi vinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Ukiwa na wajukuu wa chini ya miaka mitano, Mwalimu, angalia kitabu chao cha kliniki uone kama tarehe za matone hayo zimejazwa.